Aliyeumia na aliyedai: miaka zaidi ya mia ya fidia jimbo la Washington

Kama unafanya kazi Seattle, Kent, Tacoma au popote pale jimbo la Washington, fungua hati yako ya mshahara ya mwisho uitazame vizuri. Chini ya kodi na makato mengine kuna mstari mdogo, mara nyingi umeandikwa L&I. Ni senti chache kwa kila saa uliyofanya kazi. Wengi wetu tunaupita tu, kama tunavyopita masharti ya programu za simu. L&I ni Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, na makato yale ni mchango wako kwenye mfuko wa fidia kwa wafanyakazi wanaoumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Karibu majimbo yote mengine ya Marekani, mfuko wa namna hii anauchangia mwajiri peke yake. Washington mnachangia wote wawili, wewe na bosi.

Nimeanzia hapo kwa sababu baada ya kipindi chetu cha kazi za kulea wazee, wasikilizaji kadhaa waliuliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: mbona ripoti zinasema kazi zimekuwa salama kuliko zamani, na kila mtu mzima tunayemjua anaumwa mgongo, bega au goti? Ni swali zuri sana, na jibu lake lina historia ndefu.

Kwanza namba zenyewe. Baada ya sheria ya usalama kazini ya mwaka 1970, serikali kuu ilianza kuhesabu ajali na magonjwa ya kazini kwa mfumo mmoja wa nchi nzima. Mwaka 1972, katika sekta binafsi, ziliandikwa ajali na magonjwa 10.9 kwa kila wafanyakazi 100 wa muda kamili. Mwaka 2003 kiwango kilikuwa 5.0. Mwaka 2023 kilikuwa 2.4. Yaani tumetoka mtu mmoja kati ya kumi hivi hadi mmoja kati ya arobaini. Washington imefuata mteremko huohuo, ingawa kwa kawaida kiwango chake kinakaa juu kidogo ya wastani wa taifa. Ukiuchora kwenye karatasi unapata mstari unaoshuka vizuri kabisa, wa kumfurahisha waziri yeyote.

Sasa, kabla ya kuuamini mstari huo au kuukataa, lazima ujue umetengenezwa na nini.

Turudi kwenye miti. Mwanzoni mwa karne ya 20 Washington ilikuwa jimbo la magogo na viwanda vya mbao. Watu walikata mierezi mikubwa kwa misumeno ya mikono, wakaivuta kwa mashine za mvuke na nyaya za chuma, kisha viwandani wakaipasua kuwa mbao na vigae vya kuezekea. Kazi ya vigae, hasa kule Everett na Ballard, ilikuwa na sifa yake: fundi wa siku nyingi ulimtambua kwa vidole alivyopungukiwa. Msumeno ulizunguka wazi mbele yake, na mkono wake ulipita karibu nao maelfu ya mara kwa siku. Milimani kulikuwa na makaa ya mawe pia. Mlipuko wa mgodi wa Roslyn, Mei 1892, uliua wachimbaji 45, na mpaka leo hakuna ajali ya mgodi iliyoua wengi zaidi katika jimbo hilo. (Roslyn ni habari ya kipekee. Mwaka 1888 kampuni ilileta wachimbaji Wamarekani weusi kutoka majimbo mengine ili kuvunja mgomo. Hiyo nayo inastahili kipindi chake.)

Ukiumia enzi hizo, njia ilikuwa moja: kumshtaki mwajiri. Na mwajiri alikuwa na ngao tatu. Ya kwanza: ulijua kazi ina hatari, ukaikubali, basi ni juu yako. Ya pili: na wewe ulichangia kosa, hata kidogo tu, basi hudai kitu. Ya tatu ndiyo inayonichekesha kwa uchungu: aliyekuumiza ni mfanyakazi mwenzako, kamdai yeye. Wachache waliopenya ngao zote tatu waligawana pesa na mawakili, tena baada ya miaka. Na wajiri nao hawakulala usingizi, maana mara mojamoja baraza la wazee wa mahakama lilimhurumia mjane na kutoa hukumu kubwa ambayo kampuni ndogo haikuweza kuilipa.

Ndipo yakaja mapatano ambayo ndiyo msingi wa mfumo mzima hadi leo. Mfanyakazi anaacha haki ya kumshtaki mwajiri wake mahakamani. Kwa kubadilishana, analipwa fidia bila kuuliza kosa lilikuwa la nani. Washington ilipitisha sheria yake tarehe 14 Machi 1911. Siku kumi baadaye, tarehe 24, mahakama kuu kabisa ya New York ikaifuta sheria ya fidia ya jimbo hilo, ikisema ni kumnyang'anya mwajiri mali yake bila haki. Kesho yake, tarehe 25, kiwanda cha nguo cha Triangle kikaungua jijini New York, wakafa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji. Siku mbili hizo zikikaa pamoja hivyo, ungedhani mtu amezitunga.

Sheria ya Washington ilikwenda mbali kuliko nyingi za wakati wake. Haikumwambia mwajiri akanunue bima kwa kampuni anayoitaka. Ilianzisha mfuko wa jimbo, ikawalazimisha waajiri wa kazi zilizoitwa za hatari sana kuchangia humo, na ikafunga mlango kwa kampuni za bima. Ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 1911. Kila aina ya kazi iliwekwa kwenye daraja lake, na kila daraja lilitakiwa lijitegemee: wakata magogo wanalipia ajali za magogo, viwanda vya baruti vinalipia ajali za baruti. Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 1 Novemba, kiwanda kidogo cha baruti mjini Chehalis kililipuka na kuua wasichana wanane. Huo ndio ulikuwa mtihani wa mapema kabisa wa wazo kwamba hatari ya kazi inaweza kugeuzwa kuwa hesabu.

Na hesabu zenyewe zilikuwa wazi mpaka zinatisha. Mjane alipata dola 20 kwa mwezi, na dola 5 kwa kila mtoto mdogo, jumla isizidi dola 35. Akiolewa tena, malipo yake yanakoma. Aliyepoteza mkono, mguu au jicho alilipwa kwa mkupuo, kwa kadiri ya kiungo, isizidi dola 1,500. Wazo la kwamba malipo yanategemea familia yako halijafa. Leo hii ukiwa nje ya kazi kwa sababu ya jeraha, L&I inakulipa asilimia 60 ya mshahara wako kama hujaoa wala kuolewa na huna watoto, na inapanda kidogo kidogo kwa mwenzi na kila mtoto hadi asilimia 75. Kivuli cha mjane wa 1911 bado kiko kwenye fomu unayojaza mtandaoni.

Waajiri walikwenda mahakamani, bila shaka. Kesi ya kampuni ya Mountain Timber ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 6 Machi 1917 sheria ya Washington ikapita kwa majaji 5 dhidi ya 4. Kura moja. Mwaka huohuo jimbo likaongeza matibabu kwenye fidia, na gharama hiyo ya matibabu ikagawanywa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Makato yale madogo kwenye hati yako yana mizizi hapo.

Kwa mtu wa takwimu kama mimi, uamuzi wa kuwa na mfuko mmoja wa jimbo ni zawadi. Majimbo mengi yana makampuni chungu nzima ya bima, kila moja na mafaili yake. Washington, ukiondoa kampuni kubwa zilizoruhusiwa kujilipia zenyewe kuanzia 1971, madai yote yanatua ofisi moja. Tena mchango unahesabiwa kwa saa za kazi, wakati kwingine unahesabiwa kwa mshahara, kwa hiyo jimbo linajua saa ngapi zimefanywa katika kila aina ya kazi. Una juu na una chini ya sehemu: madai mangapi, kwa saa ngapi. Ndiyo maana watafiti wa afya ya kazini wanapenda data za Washington, na ndani ya L&I kwenyewe kuna kitengo cha utafiti, SHARP, tangu 1990.

Lakini angalia neno nililotumia: madai. Faili linafunguliwa mtu anapodai. Asiyedai hayumo. Na asiyeruhusiwa kudai hayumo zaidi.

Sheria ya 1911 ilihesabu kazi za hatari sana tu, yaani misitu, viwanda, migodi, ujenzi na nyinginezo za aina hiyo. Mfanyakazi wa duka, karani, mhudumu wa hoteli na watu wengi wa mashamba ya matufaha ya Yakima na Wenatchee walikuwa nje. Walikuwa wanaumia, hilo halina ubishi, ila kwenye vitabu vya jimbo maumivu yao hayakuwepo. Ilipofika 1971 sheria ikapanuliwa kufunika karibu ajira zote. Ukiwaingiza watu wengi kwa mkupuo namna hiyo, idadi ya madai inapanda hata kama hakuna aliyeteleza zaidi ya jana, na kiwango kinaweza kushuka, kwa sababu karani hakatwi vidole. Mtu anayesoma mstari peke yake atasimulia hadithi ya usalama. Kumbe sehemu ya hadithi ni mlango uliofunguliwa.

Mlango huo bado una pembe zilizofungwa. Mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya mtu, kama mwenye nyumba hana angalau wafanyakazi wawili wa muda wote, halazimiki kufunikwa mpaka leo. Madereva wa Uber na Lyft, ambao Seattle wengi wao ni ndugu zetu wa Afrika Mashariki, waliingia kwenye mfumo tarehe 1 Januari 2023, baada ya sheria iliyopitishwa 2022. Wamefunikwa kwa muda wanaokwenda kumchukua abiria na wanapokuwa naye. Muda wa kukaa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege ukisubiri simu ilie haumo. Kwa hiyo dereva aliyegongwa Desemba 2022 hayupo popote kwenye takwimu hizi. Aliyegongwa Januari yupo.

Manesi nao wana mstari wao. Tangu Januari 2024, nesi aliyesajiliwa anayehudumia wagonjwa moja kwa moja akipata ugonjwa wa akili unaotokana na kiwewe, sheria inadhania umetokana na kazi, na ni juu ya upande wa pili kuthibitisha vinginevyo. CNA anayefanya zamu pembeni yake, aliyeona kifo kilekile usiku uleule, hakutajwa kwenye sheria hiyo. Sisemi manesi hawakustahili. Nasema ukiona takwimu za madai ya afya ya akili katika hospitali na nyumba za wazee, ujue nani alipewa njia nyepesi na nani hakupewa.

Sasa twende kwa wale ambao mlango uko wazi kwao na hawaingii. Hapa utafiti upo, tena wa Washington yenyewe. Mwaka 2002 wakazi wa jimbo waliulizwa kwa simu, katika uchunguzi wa kawaida wa afya, kama katika mwaka uliopita waliumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Kati ya waliokuwa kazini, asilimia 13 walisema ndiyo. Walipoulizwa kama walidai fidia, ni asilimia 52 tu kati ya hao walisema walidai. Matokeo yalichapishwa 2006. Mwaka huohuo watafiti wa Michigan walilinganisha orodha mbalimbali za jimbo lao na hesabu ya kitaifa, wakakuta hesabu hiyo inakosa hadi asilimia 68 ya majeraha na magonjwa ya kazini. Jamani, hizi si tofauti za kurekebisha kwa kalamu nyekundu pembeni. Nusu ya watu hawamo.

Kwa nini mtu aache haki yake? Mama mdogo wangu alifanya kazi ya CNA miaka kumi na moja kwenye nyumba ya wazee ambayo siitaji. Usiku mmoja, akiwa peke yake kwenye korido, alimnyanyua bibi aliyekuwa anaporomoka kutoka kitandani, na kitu kikalia mgongoni. Supavaiza alimwambia atumie bima yake ya kawaida, itakuwa rahisi kwa wote. Akachukua siku mbili za ugonjwa, akanunua vidonge, akarudi. Nilipomuuliza miaka baadaye alinijibu, "Mwanangu, ningedai nini na mikono ninayo?" Kulikuwa na sababu nyingine ambayo ilichukua muda kuitoa: wakati ule alikuwa anasubiri uraia, na alihofia jina lake lisionekane kwenye faili lolote la serikali linaloanza na neno dai. Hakujua kwamba L&I haiangalii hali ya uhamiaji ya mtu. Hakujua kwamba angechagua daktari wake mwenyewe, wala kwamba mkalimani wa miadi yake analipiwa. Nani angemwambia? Bango la L&I lilikuwa limebandikwa chumba cha chakula, nyuma ya mashine ya soda.

Ukichukua watu kama yeye kwa maelfu, unapata mteremko mzuri kwenye grafu.

Mfumo wenyewe nao unasukuma upande huo. Mwajiri mwenye madai mengi analipa mchango mkubwa zaidi miaka inayofuata. Lengo lilikuwa jema, kumfanya afunge kinga kwenye msumeno. Ila kuna njia mbili za kupunguza madai: kupunguza ajali, au kupunguza kudai. Sheria ya Washington inakataza kumzuia mtu kudai na kumwadhibu aliyedai. Lakini pizza inayoletwa timu ikimaliza mwezi bila ajali haizuii mtu yeyote, rasmi. Inakufanya tu uwe yule aliyewakosesha wenzako pizza.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo nakuomba univumilie, maana hapa ndipo wasomaji wengi wa takwimu wanapotea. Madai yana aina mbili. Kuna dai la matibabu tu, na kuna dai linalolipiwa pia siku za kukosa kazi. Siku tatu za mwanzo hazilipwi, isipokuwa kama siku ya 14 bado huwezi kufanya kazi. Mwaka 2011 jimbo lilileta mpango wa kumrudishia mwajiri nusu ya mshahara wa msingi wa mfanyakazi aliyeumia, ikiwa atampa kazi nyepesi badala ya kumwacha nyumbani. Kwa wengi ni mpango mzuri, kwa sababu mtu anayekaa nyumbani muda mrefu mara nyingi harudi tena. Lakini fikiria mpakiaji wa ghala Kent aliyetegua mgongo. Badala ya kulala nyumbani wiki mbili, anawekwa kwenye kiti mlangoni anahesabu beji za wageni. Mgongo ni uleule. Kwenye safu ya madai ya kukosa kazi, hayupo. Ukilinganisha safu hiyo ya kabla na baada ya 2011 bila kujua habari hii, utadhani migongo ya Washington imeimarika.

Sitaki nieleweke kwamba mteremko wote ni uongo. Kazi zimebadilika kweli. Mashine zenye kibanda cha chuma zimechukua nafasi ya watu wengi waliosimama chini ya mti unaoanguka, na baada ya bundi wa madoadoa kuwekwa kwenye orodha ya wanyama wanaolindwa mwaka 1990, ukataji kwenye misitu ya serikali kuu ulishuka sana. Wakata miti wakipungua, ajali za miti zinapungua. Viwanda vimefunga kinga kwenye misumeno. Kanuni za kuandika ajali nazo zilibadilishwa 2002, kwa hiyo miaka ya kabla na ya baada haifanani kabisa.

Njia moja ya kupima ni kuangalia kitu ambacho ni vigumu kukificha, yaani kifo. Mwaka 2009, kitaifa, ajali na magonjwa yaliyoandikwa yalikuwa 3.6 kwa kila wafanyakazi 100, na vifo 3.5 kwa kila wafanyakazi 100,000. Mwaka 2023 ajali zilikuwa zimeshuka hadi 2.4, theluthi nzima. Vifo? 3.5. Palepale. Mwaka huo wa 2023 watu 5,283 walikufa kwa ajali kazini Marekani. Ni kweli vifo vina sababu zake: barabara, kuanguka kutoka juu, risasi, dawa za kulevya. Mgongo wa CNA hauui mtu. Lakini mistari miwili ambayo ungetegemea itembee pamoja walau kidogo, mmoja umeshuka na mwingine umelala. Mimi kazini kwangu nikiona hivyo, siandiki ripoti ya pongezi. Naanza kuuliza namna data zilivyokusanywa.

Corona ilituonyesha jambo hili kwa kasi ya ajabu. Nyumba ya wazee ya Kirkland, nje kidogo ya Seattle, ndiko mlipuko wa kwanza mkubwa wa Marekani ulikojulikana, mwisho wa Februari 2020. Siku chache baadaye, tarehe 5 Machi, gavana Inslee alitangaza kwamba wahudumu wa afya na watu wa dharura watakaowekwa karantini watalipwa na mfuko wa fidia. Mwaka 2021 sheria zikafuata, zikisema mhudumu wa afya au mfanyakazi wa mstari wa mbele akiambukizwa wakati wa dharura ya namna hiyo, inadhaniwa aliambukizwa kazini. Kitaifa, magonjwa ya njia ya hewa yaliyoandikwa na waajiri yaliruka kutoka 10,800 mwaka 2019 hadi 428,700 mwaka 2020. Na bado jumla ya ajali na magonjwa yote ilishuka mwaka huo, kwa sababu nusu ya nchi ilikuwa imefungiwa ndani. Virusi vilikuwepo, lakini namba ile isingeonekana kama hakuna aliyeamua kwamba mafua ya kazini yanaweza kuandikwa. Mafua ya kawaida tumeambukizana kazini miaka yote, hakuna aliyehesabu.

Magonjwa ya polepole ndiyo yanayopotea kabisa. Kule Hanford, mashariki mwa jimbo, serikali kuu ilianza kujenga mitambo ya kutengeneza plutonia mwaka 1943, na kusafisha sumu iliyobaki kunaendelea. Mwaka 2018 Washington ilipitisha sheria ya kudhania kwamba saratani na magonjwa fulani ya wafanyakazi wa pale yametokana na kazi. Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta kwa kauli moja, kwa hoja kwamba inawabana wakandarasi wa serikali kuu peke yao. Jimbo lilikuwa tayari limeiandika upya miezi michache kabla. Mtu aliyevuta mvuke pale 1985 akaugua 2015, dai lake, likikubaliwa, litaonekana kwenye takwimu za miaka ambayo yeye hakuwa tena kazini.

Nimeacha mwisho kitu ninachoona kinatuhusu zaidi. Mwaka 2000 Washington ilipitisha kanuni za kuwalazimisha waajiri kupunguza kazi za kunyanyua, kuinama na kurudia mwendo uleule, zile zinazoharibu misuli na viungo. Serikali kuu nayo ilitoa za kwake mwaka huohuo, na Bunge likazifuta Machi 2001. Washington zilidumu kidogo zaidi. Makundi ya waajiri yalipeleka suala kwa wapiga kura, na Novemba 2003 wapiga kura wakazifuta, tena wakalikataza jimbo kuandika nyingine. Marufuku hiyo ilikaa miaka 20.

Mwaka 2023 bunge la jimbo liliiondoa, kwa masharti. L&I inaweza kuandika kanuni za aina moja tu ya kazi kwa kila miezi 12, na hakuna itakayoanza kabla ya Julai 2026. Na haiwezi kuchagua kazi yoyote inayotaka. Lazima iwe ile ambayo madai yake ya misuli na viungo yanayolipwa, katika miaka mitano ya karibuni, yamezidi mara mbili ya wastani wa jimbo.

Madai yanayolipwa. Sheria imechukua zile faili nilizokuwa nazieleza, ikazifanya ndizo ufunguo wa kulindwa. Kazi ambayo watu wake wanadai itafika mara mbili ya wastani. Kazi ambayo watu wake wanameza vidonge na kurudi zamu inaweza kubaki chini, hata kama migongo imekwisha. Nyumba ndogo za kulea wazee, ambazo kule Tacoma na Lakewood Wakenya wengi wanazimiliki na wengi zaidi wanafanya kazi ndani yake, ni mahali ambapo mwajiri anaweza kuwa mtu wa kanisa lenu au binamu wa mumeo. Ni vigumu sana kudai pale. Naelewa. Ila mfuko unaolipa ni wa jimbo, na senti zako zimo.

Kwa wanaotaka kuwaeleza wazazi: kwa ajali, fomu inatakiwa ifike ndani ya mwaka mmoja tangu siku ya tukio. Kwa ugonjwa uliotokana na kazi, ni miaka miwili tangu daktari akujulishe kwa maandishi kwamba ugonjwa wako ni wa kazi na kwamba unaweza kudai. Inajazwa kwa daktari, mtandaoni au kwa simu, na huhitaji saini ya mwajiri kuianza. Ukifika kwa daktari, sentensi ya kwanza iwe kwamba uliumia kazini, kwa sababu hapo ndipo anapojua fomu ipi aichukue.